Nyumba za Wazee Wetu na Mikono ya Vijana Wetu

Hotuba iliyosomwa siku ya Jubilei kwa jina la kamati ya majengo na la walimu wa ufundi wa parokia





Katika siku hizi za Jubilei tumeimba, tumecheza, tumekula pamoja, na tumewaombea marehemu wetu. Ni haki kufanya hivyo. Lakini sisi wa kamati ya majengo, pamoja na walimu wa ufundi, tumeombwa kusema mbele yenu neno moja juu ya nyumba hii tunamosali, na juu ya nyumba nyingine za zamani za misioni: shule, dispensari, nyumba ya mapadri na ya masista. Neno letu si refu. Tunataka kuuliza swali hili: ni nani atakayezitunza nyumba hizi wakati sisi hatutakuwapo, na ni nani atakayelipa ili ajifunze kuzitunza?

Tukumbuke kwanza zilikotoka. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walipokea kituo cha Mpala kando ya ziwa Tanganyika, kilichokuwa kimejengwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Mwaka 1893 walianzisha misioni ya Kirungu, iliyoitwa wakati ule Baudouinville. Ni huko Stefano Kaoze alikopadirishwa tarehe 21 Julai 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu kupata daraja ya upadri. Parokia yetu ni mtoto wa kizazi hicho cha misioni, na kanisa letu lilijengwa kwa namna ile ile: udongo wa hapa hapa, ukafinyangwa, ukakaushwa juani, ukachomwa kwa kuni katika tanuru, mbao za msitu wa hapa hapa, mchanga wa mto wetu.

Vitabu hutaja majina ya maaskofu na ya mafratri waliopima misingi. Ni vema, kwa kuwa walifanya kazi kubwa. Lakini fratri mmoja hawezi kubeba matofali ya kanisa zima. Ni babu zetu waliokanyaga udongo, ni bibi zetu waliochota maji na kubeba mchanga juu ya kichwa, ni vijana wa wakati ule waliopanda jukwaani na kujifunza kutumia timazi. Majina yao hayakuandikwa po pote. Kazi yao tu ndiyo imebaki, nasi tumekaa ndani yake asubuhi hii.

Zaidi ya hayo, babu zetu hawakujifunza ufundi huo darasani. Walijifunza kwa kujenga. Aliyeanza kwa kubeba maji alipewa baadaye mwiko. Aliyeshika mwiko alipewa baadaye ukuta. Na aliyeweza kusimamisha ukuta alipewa vijana wa kuwafundisha. Hivyo misioni ilikuwa pia shule ya kazi. Shule hiyo ilifungwa polepole, bila mtu ye yote kutangaza kwamba imefungwa. Mafratri wajenzi walizeeka au walirudi kwao, simenti ikafika kwa malori, na mafundi wa zamani wakafa mmoja mmoja pamoja na maarifa yao.

Sasa tuangalie hasara iliyofuata. Ndugu wengi hudhani kwamba ukuta wa zamani unaharibika kwa sababu ya uzee tu. Si hivyo. Tofali lililochomwa kwa kuni ni laini. Hunywa maji ya mvua, kisha huyatoa tena wakati wa jua, kama mtu anavyotoa jasho. Wazee waliunganisha matofali hayo kwa udongo au kwa chokaa na mchanga, vitu ambavyo vyenyewe ni laini na huruhusu maji kutoka. Leo, tukiona ufa, tunaita fundi wa kwanza anayepita, naye anapaka simenti ngumu toka chini hata juu. Kwa mwaka mmoja au miwili ukuta unapendeza macho. Lakini maji yaliyoingia kwa njia ya paa bovu au ya msingi hayana tena pa kutokea. Yanakaa ndani, tofali linageuka kuwa unga, na siku moja simenti inaanguka vipande vipande pamoja na uso wa tofali. Hapo watu husema: ukuta huu umekwisha, tuubomoe. Kumbe ukuta haukuwa mgonjwa hivyo. Dawa ndiyo iliyoumaliza.

Dawa ya kweli inajulikana, wala si ya ajabu. Kwanza hutengenezwa paa na mifereji, kwa sababu maji ndiyo adui wa kwanza, na mchwa hufuata mahali penye unyevu. Kisha viungo vilivyooza kati ya matofali huondolewa kwa mkono, kwa uangalifu, bila kuvunja kingo za tofali. Ukuta hunyunyiziwa maji. Ndipo hujazwa chokaa iliyozimwa vizuri na kulala shimoni, fungu moja la chokaa kwa mafungu karibu matatu ya mchanga safi. Kazi hiyo hufunikwa kwa magunia yenye maji ili isikauke haraka. Ni kazi ya subira. Fundi mzuri hugonga tofali kwa nyundo na kusikiliza: lililo zima hulia, lililokufa hunyamaza. Hugusa mchanga na kujua kama una udongo ndani yake. Hutazama boriti na kujua mahali mchwa walipopita ingawa juu mbao ni nzima.

Basi, mwalimu gani anaweza kufundisha mlio wa tofali kwa kuandika ubaoni? Sisi walimu wa ufundi tunakiri kwamba chaki haitoshi. Mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri katika Mtihani wa Serikali, akachora nyumba vizuri sana, na asijue la kufanya mbele ya ukuta wa miaka themanini. Anahitaji miezi mingi jukwaani, karibu na fundi anayejua, katika yale mazoezi ya kazi ambayo wanafunzi wetu huyaita staji.

Hapa ndipo penye jeraha, na tunaomba tuseme wazi. Masomo yetu ya ufundi yanadai staji, nayo yana haki. Lakini nani anailipa? Mara nyingi ni mzazi. Mtoto anatembea saa mbili kwenda kazini, hapewi chakula cha mchana, hana viatu vya kazi, na akiumizwa na msumari mama yake ndiye anayetafuta feza ya dispensari. Mahali pengine tumewaona wanafunzi wakimaliza majuma yao yote wakifagia na kuchota maji, kisha karatasi yao ikatiwa sahihi kama kwamba wamejifunza. Mahali pengine sahihi hiyo yenyewe ilidaiwa bei. Matokeo yake ni nini? Mtoto wa tajiri anamaliza staji bila kuihitaji sana, na mtoto wa maskini, mwenye mikono mizuri na akili ya ufundi, anaiacha katikati na kwenda kuchimba madini au kubeba mizigo sokoni. Hivyo tunawapoteza wale wale ambao nyumba hizi zinawangoja.

Wengine watasema: jambo hili linazizidi nguvu zetu, tungoje wafadhili wa ng'ambo. Tunaomba tuangalie pamoja mifano mitatu, miwili ya Ulaya na mmoja wa Afrika, tuone feza ya kuwafundisha mafundi ilitoka wapi.

Mfano wa kwanza wengi wenu mliusikia redioni. Tarehe 15 Aprili 2019 kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilishika moto. Paa lake la mbao, ambalo sehemu yake kubwa ilitoka karne ya 13, liliteketea, na mnara wake mwembamba ukaanguka. Watu wapata 340,000 wa inchi 150 walitoa jumla ya euro milioni 846, na tarehe 7 Desemba 2024 milango ilifunguliwa tena. Tukisikia hesabu hiyo tunasema: feza nyingi huweza yote. Lakini ndugu, feza haichongi boriti. Zilitumika miti zaidi ya 2,000 ya mwaloni, na boriti za sehemu kubwa ya kanisa zilichongwa kwa shoka, kwa mkono, kama zamani. Waliojua kazi hiyo walipatikana wapi? Baadhi yao walitoka Guédelon, katika jimbo la Burgundy, ambako tangu mwaka 1997 mafundi wanajenga ngome mpya kwa vyombo na namna za karne ya 13. Mahali hapo hapalipwi na tajiri mmoja. Hulipwa hasa kwa tiketi za wageni wanaokuja kutazama, na wanafunzi hujifunza humo wakifanya kazi yenyewe. Watu waliolipa tiketi mwaka 2000 au 2005 hawakujua kwamba Notre-Dame itaungua. Lakini kwa feza yao ndogo walikuwa wanatayarisha mikono. Mamilioni yalikuja baada ya moto. Mikono ilianza kutayarishwa miaka zaidi ya 20 kabla yake. Kama mikono isingekuwapo, mamilioni yangenunua nini?

Mfano wa pili ni wa mji wa Strasbourg, vilevile Ufaransa. Huko pana kanisa kuu ambalo mnara wake, wenye meta 142, ulimalizika mwaka 1439. Tangu karne ya 13 kuna shirika linaloitwa Œuvre Notre-Dame, ambalo kazi yake ni kanisa hilo tu. Wakristu wa zamani, matajiri na maskini, walilipa shirika hilo urithi: huyu nyumba, huyu shamba, huyu kipande cha msitu, huyu kidogo alichonacho; na majina ya watoaji yaliandikwa katika kitabu. Mapato ya mali hizo yamesaidia kulipa mafundi kwa miaka mia kwa mia. Hata leo shirika lina karakana yake ya wachonga mawe, wahunzi na maseremala, na vijana huingia humo kujifunza. Mwaka 2020 karakana za namna hiyo, za inchi tano za Ulaya, ziliandikwa na UNESCO kati ya mifano bora ya kulinda urithi wa maarifa. Wale Wakristu wa kale walielewa kwamba kanisa kubwa haliwezi kuishi kwa michango ya dharura. Walilipa shamba, na shamba likalilisha kanisa.

Mfano wa tatu ni wa bara letu wenyewe, nao unatufaa kuliko yote kwa kuwa haukuanza na feza nyingi. Katika mji wa Djenné, inchini Mali, pana msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907. Ndugu zetu Waislamu wa mji huo hukusanyika kila mwaka kuupaka udongo mpya kabla ya mvua. Vijana hukanyaga na kubeba udongo, wanawake huleta maji, wazee huketi na kusimamia, na chama cha mafundi, kinachoitwa barey ton, huongoza kazi. Kijana anayetaka kuwa fundi hukaa na bwana wake miaka mingi, na mji wote unamjua. Hawangoji ukuta uanguke ndipo watafute fundi. Kila mwaka ukuta unapata udongo mpya, na kila mwaka kuna kijana mpya anayejifunza kuupaka.

Tumewasimulia hayo ili kusema kwamba mifano hii mitatu ina jambo moja sawasawa: mafunzo ya kijana hayakuachiwa mabaki ya feza. Yaliwekwa ndani ya kazi yenyewe. Hata sheria ya inchi yetu inajua jambo hilo. Tangu mwaka 1964 tunayo INPP, chuo cha taifa cha matayarisho ya kazi, ambacho waajiri wanadaiwa kukichangia kufuatana na mishahara wanayolipa. Maana yake ni kwamba anayefaidi ufundi lazima achangie mafunzo ya fundi. Basi, parokia inayofaidi ukuta inaweza kusema kwamba jambo hilo haliihusu?

Tunajua kuna neno zito dhidi yetu, nasi hatutaki kulificha. Wengine wanauliza: Kanisa si matofali, Kanisa ni watu, namna gani mnataka kutia feza katika kuta za zamani, wakati kuna wakimbizi, kuna wagonjwa, kuna watoto waliofukuzwa masomoni kwa kukosa malipo? Swali hilo ni la Kikristu, na anayeliuliza tunamshukuru. Lakini tazameni vizuri tunachoomba. Hatuombi kununua marumaru wala kupaka dhahabu. Tunaomba kumlisha na kumvalisha viatu kijana anayejifunza kazi. Feza hiyo haimezwi na ukuta. Inaingia katika mikono ya mtu, na mtu huyo anakwenda nayo maisha yake yote. Aliyejifunza kutengeneza paa la kanisa atatengeneza paa la dispensari, la shule, la mjane jirani yake. Nyumba nyingi za vijiji vyetu ni za matofali ya namna ile ile na zinaugua ugonjwa ule ule. Na tukiyabomoa haya ya zamani, je, tunayo feza ya kujenga mengine yenye nguvu sawa? Tumewaona waliobomoa haraka, na mpaka leo wanasali chini ya mabati juu ya nguzo.

Kwa hiyo kamati yenu inaleta mbele ya Baba Askofu na mbele ya parokia mashauri haya.

Kwanza, kila mara tunapokusanya feza ya kutengeneza jengo la zamani, katika kila franka kumi, moja iwekwe kwa ajili ya vijana wanaojifunza, nayo itengwe mwanzoni kabla ya kununua cho chote. Ikingoja mwisho, haitapatikana kamwe.

Pili, feza hiyo ilipe mambo yanayojulikana: chakula cha mchana, nauli kwa wanaotoka mbali, viatu na kofia ya kazi, vyombo ambavyo kijana atabaki navyo akimaliza vizuri, na matunzo akiumia. Ilipe pia fundi mzee kwa saa anazofundisha. Fundi anayelipwa kwa kila meta ya ukuta hana sababu ya kusimama na kueleza; kila neno analosema linampunguzia mkate. Na iwepo chokaa kidogo ya kuharibu, kwa sababu hakuna anayejifunza bila kuharibu.

Tatu, vijana wachaguliwe kwa uwezo wao na kwa bidii yao, wala si kwa jina la baba. Wasichana wasikatazwe. Bibi zao walibeba mchanga wa kanisa hili. Hatuoni sababu ya wajukuu kukatazwa mwiko.

Nne, kila jumuiya itoe kadiri iwezavyo: wenye feza watoe feza, wenye mashamba watoe mihogo, mahindi na maharagwe ya kuwalisha wanafunzi, wenye nyumba watoe mahali pa kulala kwa wanaotoka mbali. Na kama yuko mtu aliyebarikiwa na Mungu, anayeweza kuiachia kazi hii kipande cha shamba, tulime pamoja na mapato yaingie mwaka kwa mwaka.

Tano, hesabu isomwe kanisani mbele ya wote kila miezi mitatu, na sanduku liwe na funguo mbili mikononi mwa watu wawili. Tunasema hayo bila kumshuku mtu. Mahali hesabu inaposomwa, mioyo hufunguka. Mahali isiposomwa, hata aliye mwaminifu husingiziwa.

Ninyi Mapadri mliotutembelea, tunawaomba pia neno. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika mafundisho yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, ulitaka waseminari wafundishwe historia ya sanaa takatifu ili wajue kuheshimu na kulinda majengo ya Kanisa yanayostahili heshima. Padri akifika katika parokia mpya, mara nyingi jambo la kwanza analoombwa ni kubomoa au kupaka rangi. Tunawasihi: kabla ya kukubali, iteni fundi mzee, zungukeni naye ukuta kwa ukuta, na mchukue kijana mmoja nyuma yenu asikilize. Hayo hayana gharama kubwa, na kijana huyo atakumbuka.

Wazazi, msiwaaibishe watoto wanaochagua kazi ya mikono. Bwana wetu alijulikana kijijini mwake kama mwana wa seremala, naye hakuona haya. Na katika kitabu cha Kutoka tunasoma juu ya Bezaleli, fundi wa hema takatifu, kwamba Mungu alimjalia ustadi, akamjalia pia moyo wa kuwafundisha wengine. Karama hizo mbili zilikwenda pamoja.

Nanyi mafundi wazee mliobaki kati yetu, ambao ni wachache sasa, tunawaomba msiende na siri zenu. Kama zamani mlinyimwa shukrani, pokeeni leo shukrani ya parokia nzima. Tupeni mwaka mmoja au miwili ya maarifa yenu, nasi tutawapa vijana wa kuwasikiliza na mkate wa kazi yenu.

Wapendwa, Jubilei ya kwanza tuliipata kwa sababu wazee walijenga vema. Jubilei itakayofuata haitategemea matofali yao peke yake. Itategemea kama tumewafundisha vijana kumi, au watano, au hata watatu. Leo baada ya Misa kitabu cha majina kitakuwa wazi mlangoni mwa sakristia, upande mmoja kwa wale watakaotoa, upande wa pili kwa vijana wanaotaka kujifunza. Tunaomba pande zote mbili zijae.

Baba Askofu, tunaomba baraka yako juu ya kazi hii. Mungu awape raha ya milele wote waliojenga nyumba hii bila kuandikwa majina yao, na awabariki watakaoitunza baada yetu.